Benjamin Duggar: Mzee Aliyeokota Dawa Udongoni

Nani asiyeijua tetrasaiklini? Ni ile dawa ya manjano ambayo watoto wachanga hupakwa machoni wakizaliwa. Lakini ukiuliza ilianzia wapi, darasa zima kimya! Basi mimi nimeona niwasimulie habari za Benjamin Minge Duggar.

Duggar alizaliwa mwaka wa 1872 katika jimbo la Alabama, Marekani. Hakuwa daktari wa watu hata kidogo. Alikuwa bingwa wa mimea na magonjwa yake, akafundisha Chuo Kikuu cha Missouri na baadaye Wisconsin. Mwaka wa 1943 akastaafu kwa sababu ya umri.

Mwingine angekaa barazani kuota jua. Yeye wapi! Mwaka wa 1944 aliingia kazini katika kampuni ya dawa ya Lederle, jimbo la New York. Wakati huo penisilini ilikuwepo, lakini magonjwa mengi iliyashindwa. Duggar aliomba aletewe udongo kutoka pembe mbalimbali. Mwaka wa 1945 alipokea udongo wa Sanborn Field, shamba la chuo kile kile cha Missouri alikowahi kufundisha. Kumbe mali ilikuwa chini ya nyasi! Ndani yake mlikuwa na kijidudu chenye rangi ya dhahabu, kilichotoa kemikali ya kuua bakteria wa aina nyingi. Dawa yake ikaitwa Aureomycin, ikatangazwa mwaka wa 1948, mzee akiwa na miaka 75. Hiyo ndiyo tetrasaiklini ya kwanza. Huwazuia bakteria kutengeneza protini, wasiweze kuongezeka. Hata homa kali inayoenezwa na chawa, ambayo penisilini haikufua dafu mbele yake, ilipata kiboko. Duggar alifariki mwaka wa 1956, akiwa na miaka 84.

Sasa ndugu zangu, nina neno. Wako watu wanaonunua vidonge viwili vitatu dukani bila kumwona daktari, na wakipata nafuu kidogo, basi, wanaacha. Bakteria waliobaki huizoea dawa, na kesho haiwatishi tena. Dawa hii ilitafutwa na mzee aliyekataa kupumzika. Je, sisi vijana tutaiharibu kwa uvivu wa kumaliza dozi? Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo kidonge baada ya kidonge hukamilisha dozi.