Viollet-le-Duc: Aliyeokoa majengo ya kale, akalaumiwa kwa kuyabadili

Mwaka 1840, kanisa la kale la Vézelay nchini Ufaransa lilikuwa karibu kuanguka. Uzito wa dari lake la mawe ulikuwa ukizisukuma kuta kwa nje.

Kazi ya kuliokoa akapewa Eugène Viollet-le-Duc, kijana wa Paris mwenye miaka 26 tu. Chuo cha usanifu majengo alikuwa amekikataa, akajifunza kwa kuzunguka nchi akichora majengo ya kale.

Kwanza aliliegemeza jengo kwa mihimili ya mbao. Kisha akapunguza uzito wa juu na kujenga upya matao ya kushikilia kuta. Kanisa hilo limesimama hadi leo.

Mwaka 1844, yeye na Jean-Baptiste Lassus walishinda shindano la kukarabati Notre-Dame, kanisa kuu la Paris lililoharibiwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Lassus alifariki 1857, naye akaendelea peke yake. Kazi ilichukua miaka 20 hivi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mnara mwembamba wa juu ya paa ulishaondolewa karne ya 18. Viollet-le-Duc hakuurudisha uleule, alijenga mwingine mrefu zaidi, wa mbao za mwaloni zilizofunikwa kwa risasi, uliofika mita 96 kutoka chini. Akaongeza na sanamu za viumbe wa kutisha. Wengi hudhani ni za kale sana, kumbe ni zake.

Kwake, jengo lisilo na matumizi halidumu, na ukiondoa kilichooza, weka kilicho imara zaidi. Wapinzani, akiwemo Mwingereza John Ruskin, waliona ukarabati wa namna hiyo unafuta historia na kuweka uongo mahali pake.

Alifariki Lausanne, Uswisi, mwaka 1879 akiwa na miaka 65.

Aprili 15, 2019, moto uliunguza paa la Notre-Dame na mnara wake ukaanguka. Wafaransa wakabishana: warudishe ule wa zamani au wabuni mpya? Mwaka 2020 ikaamuliwa ujengwe uleule wa Viollet-le-Duc, kwa mwaloni na risasi.

Ila nao waliongeza kitu ambacho yeye hakuwa nacho: mfumo wa kunyunyiza maji kuzima moto huko juu. Kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024, na nyongeza yake ya karne ya 19 sasa inalindwa kama urithi wenyewe.