Carl Akeley: alivumbua mashine ya kurusha sima, kisha akaombea gorila parki

Ba papa na ba mama wa Kolwezi, yule anayeshuka chini ya udongo anajua ile kazi ya kurusha betoni ku ukuta na juu ya kichwa, ili mawe yasiangukie watu. Wengi hatujui kama mtu aliyeanzisha mashine ya namna ile hakukuwa mtu wa mine. Alikuwa mtu wa nyama za pori. Jina lake Carl Akeley, Mmarekani, na alizikwa hapa kwetu Kongo.

Alizaliwa 1864 mu jimbo la New York. Tangu ujana alijifunza kutengeneza ngozi za nyama waliokufa ili waonekane sawa wazima. Wakati ule watu walikuwa wanajaza ngozi majani makavu, paka basi. Akeley yeye alifinyanga kwanza umbo la mwili, kwa kufuata mifupa na misuli, njo akavika ngozi juu yake.

Mwaka 1907, kule Chicago, ukuta wa jumba la makumbusho alimokuwa anafanya kazi ulikuwa unabomoka. Akatengeneza mashine: hewa ya kompreseri inasukuma sima kavu na mchanga ndani ya tuyo, maji inajiunga nayo pa mdomo, yote inapiga ukuta na kushika. Mwaka 1911 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Nyuma ya miaka kidogo, mine nazo zikaanza kuitumia.

Afrika ilimtesa. Mwaka 1896, mu inchi ya Wasomali, chui alimrukia, akamuua kwa mikono mitupu. Mwaka 1910, ku Mlima Kenya, tembo alimkandamiza chini, akavunja mbavu na kupasua uso wake. Wabeba mizigo walifikiri amekufa. Bibi yake Delia alipita pori na usiku mpaka akamfikia.

Njo mwaka 1921 akafika Kongo, ku milima Mikeno na Karisimbi, kutafuta gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York. Gorila watano waliuawa. Lakini alipotazama gorila aliyelala mbele yake, roho ikamuuma. Aliandika kisha kwamba ilikuwa nguvu asijione sawa muuaji. Alikuwa pia na kamera ya sinema aliyoitengeneza mwenyewe. Nayo alipiga gorila wakiwa wazima na batoto wao, picha ambazo wengi wanazihesabu kuwa za kwanza za namna ile.

Aliporudi kwao, akaanza kuomba wakubwa wa Ubelgiji wafunge ile milima kwa wawindaji. Mfalme Albert wa Kwanza alikuwa ameona parki za Marekani mwaka 1919, akasikia neno lile. Tarehe 21 Aprili 1925, Parki Albert ikazaliwa, ya kwanza ya taifa mu Afrika. Tangu 1969 tunaiita Virunga.

Mwaka 1926 Akeley akarudi pamoja na bibi yake wa pili, Mary Jobe. Alipanda Mikeno akiwa mgonjwa. Mu mwezi wa Novemba akafia kule, na miaka 62, wakamzika fasi inayoitwa Kabara.

Hakukuwa malaika: nyama wengine aliwinda mpaka mwisho. Lakini gorila wa milima leo wanapita 1,000, mu Kongo, Rwanda na Uganda. Siku za utulivu, wageni wanawafikia kwa vikundi vidogo, wanavaa maski wasiwaambukize, wanatazama saa moja, wanashuka. Ile saa moja inalipisha feza mingi, na gorila anabaki mzima kwa kutazamwa tena kesho.

Sisi wa Lualaba tuko na parki yetu karibu, Upemba, iliyofunguliwa 1939. Kule njo kunabaki punda milia wa mwisho wa Kongo. Walinzi wa parki wamekufa kwa ajili yao. Mu soko, mtu akikuletea nyama ya pori ya bei nzuri, uliza kwanza ilitoka wapi. Punda milia mmoja anaisha mu sufuria siku mbili. Batoto wetu watapenda kumuona akikimbia.