Apolo Kaggwa: Mtumishi wa Ikulu Aliyegawa Ardhi ya Buganda

Ndugu zangu mliorudi nyumbani, na ninyi mnaovuka Busia, Malaba na Mutukula na mizigo yenu, hapa Kampala nasikia mkiuliza swali moja kila mara. Inakuwaje mtu anunue kiwanja, alipe fedha taslimu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kisha atokee mwingine mwenye hati ya ardhi ile ile? Jibu limo katika maisha ya Sir Apolo Kaggwa, aliyekuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, kwa zaidi ya miaka 35.

Kaggwa alizaliwa miaka ya 1860 katika ukoo wa Nsenene, wale wale senene ambao watu wa Masaka na Bukoba huwagombea msimu wa mvua. Buganda ya wakati ule ilikuwa na ngazi zake. Juu alikaa Kabaka. Walifuata bakungu, machifu wakubwa, na batongole, walioshika mashamba kwa idhini ya Kabaka. Bataka, wakuu wa koo, walilinda makaburi ya mababu. Halafu bakopi, raia wa kawaida, ndio waliokuwa wengi, na chini kabisa watumwa, wengi wao mateka wa vita. Mke wa mkopi alilima migomba. Mumewe aligonga gome la mti wa mutuba kupata nguo, akajenga nyua za chifu na kutengeneza barabara zake.

Lakini ngazi hizo zilipandika. Kabaka alihesabiwa ukoo wa mama yake, hivyo hapakuwa na ukoo mmoja ulioushika ufalme peke yake, na kila ukoo ulipeleka wavulana kutumika ikulu. Aliyependeza alipewa cheo. Aliyekosea aliweza kupoteza hata uhai. Mkopi naye hakuwa mnyonge kabisa. Akichoshwa na chifu wake, alikunja mkeka, akabeba jembe na kuhamia kwa chifu mwingine, na chifu asiye na watu hakuwa chifu. Ardhi ilikuwa tele. Kilichotafutwa ni watu.

Kaggwa alianza hivyo hivyo, mtumishi kijana katika ikulu ya Muteesa wa Kwanza, kisha ya Mwanga. Alisoma na kubatizwa. Mwaka 1886 Mwanga aliwaua vijana Wakristo, wengi wakichomwa moto Namugongo. Kaggwa alipigwa vibaya lakini akaachwa hai. Vita vya dini vilivyofuata vilimpandisha hadi akawa kiongozi wa Waprotestanti. Mwaka 1897 Mwanga aliondolewa na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akawekwa kitini. Nchi ikashikwa na walezi watatu: Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri.

Hao ndio waliotia saini mkataba na Waingereza mwaka 1900. Kabaka alitengewa maili za mraba 350. Machifu na wenye mashamba wapatao 1,000 walitengewa maili 8,000, na ndiyo asili ya neno mailo. Orodha baadaye ilivimba ikafika watu elfu kadhaa, na Kaggwa mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopata sehemu nono. Mkopi alipata kodi ya rupia tatu kwa nyumba. Cheo kilichokuwa cha kupewa na kunyang'anywa kiligeuka karatasi ya kurithisha watoto. Kwa maoni yangu, Kaggwa alipanda ngazi, kisha akaivuta juu.

Hata hivyo, nani atamnyima sifa zake? Mwaka 1902 alikwenda London, kwenye sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akiwa na katibu wake Ham Mukasa. Njia yao ni hii hii yetu: ziwa hadi Kisumu, kisha reli, iliyokuwa mpya, hadi Mombasa. Mwaka 1905 alipewa cheo cha Sir. Aliandika vitabu kwa Kiganda juu ya wafalme, koo na mila, na bila yeye tungejua kidogo sana kuhusu ngazi zile. Alihifadhi kwa kalamu mambo ambayo saini yake ilikuwa ikiyabomoa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 bataka walilalamika hadharani kwamba makaburi ya koo zao yameangukia mikononi mwa machifu. Wenye mailo nao walikuwa wakidai sehemu kubwa ya pamba ya wapangaji. Kaggwa alijiuzulu mwaka 1926 baada ya kugombana na ofisa Mwingereza, akafia Nairobi Februari 1927. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyoweka busuulu, kodi ya mwenye ardhi, kuwa shilingi 10 kwa mwaka, na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo.

Mpangaji huyo ndiye babu wa mwenye kibanja wa leo, yule anayekuuzia. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1998, hawezi kukuhamishia kibanja bila ridhaa ya mwenye mailo, na tangu marekebisho ya 2010, kumuuzia mtu mwingine kabla ya kumpa mwenye mailo nafasi ya kwanza ya kununua ni kosa la jinai.