John Kirk: mswaki wenye sumu ya mishale na dawa ya moyo

Kila tunapogusa habari za dawa za asili hewani, wasikilizaji wetu wa Kibaha na Kisarawe wanatuuliza swali lilelile: mzizi ambao mababu walichemsha na kunywa miaka nenda rudi, kuna haja gani ya kupewa panya kwanza? Leo tumeona tujibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Jina lake linajulikana sana Zanzibar, ila wengi wanamkumbuka kwa mambo ya siasa. Ni Dk. John Kirk, na sisi tunaanza naye kwenye miti.

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 huko Barry, karibu na Arbroath, Scotland, mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854, lakini tangu ujana wake mapenzi yake makubwa yalikuwa kwenye mimea. Edinburgh ya wakati ule ilikuwa mahali pa pekee kwa watu wa sumu. Profesa wa dawa chuoni hapo, Robert Christison, mwaka 1855 alitafuna kipande cha mbegu ya Calabar, ambayo huko Afrika Magharibi watuhumiwa walilishwa kama kiapo. Alipoona mwili unamlegea akanywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu ili atapike, na akapona. Tunalitaja hili kwa sababu ndivyo dawa nyingi zilivyopimwa enzi hizo: daktari anajionjea mwenyewe, halafu anasubiri kuona kama kutapambazuka.

Baada ya kutumikia hospitali ya vita vya Krimea, Kirk alichukuliwa na David Livingstone mwaka 1858 kuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa mto Zambezi. Safari ile ilikuwa ngumu. Mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wake ulipinduka na mto ukachukua madaftari na michoro yake ya mimea, kazi ya miaka miwili. Mwingine angerudi kwao. Yeye alianza kukusanya upya.

Katika nchi ambayo leo ni Malawi, kandokando ya mto Shire, alikuta wawindaji wanaotumia mishale yenye sumu kali iitwayo kombe. Mnyama akichomwa haendi mbali. Kirk alitaka kujua sumu hiyo inatoka mti gani, na kila alipouliza alionyeshwa mti usio wenyewe. Sisi hatuwalaumu wenyeji hao. Siri ya silaha haipewi mgeni wa jana.

Siku moja, katika kijiji cha Chibisa, aliona mmea unaotambaa umepanda juu ya mti mrefu, umebeba matunda marefu yenye mbegu. Alitafuta mtu wa kumpandia akakosa. Akaamua kupanda mwenyewe. Hapo ndipo watu waliokuwa chini walipoingiwa na hofu kwamba mgeni atakufa mikononi mwao, wakamwonya asiuguse ovyo, utomvu usimwingie kwenye jeraha wala mdomoni. Kwa kumwonya wakawa wameitoa siri: huo ndio kombe. Kirk alichukua sampuli zikapelekwa bustani ya Kew, London, ambako wataalamu waliupa mmea jina la kisayansi la Strophanthus kombe. Neno la wenyeji likabaki ndani ya jina hilo. Majina ya waliomwonya, kwa bahati mbaya, Kirk hakuyataja aliposimulia habari hii, na kwetu hilo ni pengo kubwa katika sifa anazopewa.

Kisa cha mswaki kilitokea kwenye msafara huohuo. Mswaki wa Kirk ulikuwa umewekwa mfuko mmoja na kombe. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni usio wa kawaida, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua kasi. Daktari mvivu angesukutua mdomo na kusahau. Kirk alijua kwamba kitu kinachopunguza mwendo wa moyo bila kuua, kikitumiwa kidogo, kinaweza kuwa dawa.

Lakini mswaki mmoja si ushahidi. Kiasi gani cha sumu kilikuwa pale? Je, ni moyo ulioguswa, au ni homa tu iliyoshuka? Kujibu maswali hayo kulihitaji maabara, na aliyeifanya kazi hiyo hasa ni Thomas Fraser wa Edinburgh, aliyekuwa amejipatia sifa kwa kuichunguza ileile mbegu ya Calabar. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860, Fraser alichukua kombe, akatengeneza maji ya dawa kutokana na mbegu, akayadunga kwa vipimo tofauti chini ya ngozi ya vyura na wanyama wengine, na kutazama kila kiungo kinafanyaje. Aliona kwamba kiungo kinachoguswa kwanza ni moyo. Kwa kipimo kidogo sana moyo wa chura ulipiga polepole na kwa nguvu zaidi. Kipimo kikizidi, moyo ulijikunja ukabaki umekaza, haufunguki tena. Akatenga kiini cha sumu hiyo na kukiita strofanthini.

Ilichukua hadi mwaka 1885 Fraser kusimama mbele ya madaktari wenzake na kueleza jinsi alivyoitumia kwa wagonjwa wa moyo. Kwa hiyo kutoka mti wa Chibisa hadi kitanda cha mgonjwa ilipita zaidi ya miaka 20. Dawa ya matone ya strofanthasi ikaingia madukani Ulaya. Haikukosa kasoro: ikinywewa, tumbo huipokea vibaya na kwa namna isiyotabirika, hivyo mgonjwa mmoja hapati kitu na mwingine anapata kupita kiasi. Mwaka 1906, Strasbourg, daktari Albert Fraenkel alianza kuipitisha kwenye mshipa wa damu, na hapo ikawa dawa ya dharura iliyotegemewa kwa miongo mingi, hasa Ujerumani. Ile iliyotokana na kombe iliitwa strofanthini K, na herufi hiyo ni ya kombe. Ndugu yake wa karibu kwa tabia, digoksini inayotokana na mmea wa Ulaya, bado hutolewa kwa wagonjwa wa moyo hata leo, nayo pia tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo mno.

Turudi sasa kwa swali la panya. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba dawa za jamii hii huzuia pampu ndogo zilizo kwenye ukuta wa seli, zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu za panya zimeumbwa tofauti kidogo, kiasi kwamba panya huvumilia vipimo ambavyo vingemuua mtu haraka. Hebu fikiria Fraser angetumia panya peke yao: angeandika kwamba kombe haina neno. Ndiyo maana mtafiti makini hapimi kwa mnyama wa aina moja tu, wala hamwamini panya kwa kila kitu.

Na huku kwetu? Mimea ya jamii ya kombe inaota katika ukanda wa mashariki mwa Afrika kuanzia Kenya hadi kusini ya bara, na waganga wa Uzaramo, yaani nchi ya Kisarawe na majirani zake, wana hazina kubwa ya miti. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, imekuwa ikichukua miti inayotumiwa na waganga na kuipitisha kwenye vipimo. Hatua rahisi ya mwanzo ni uduvi wadogo wa maji ya chumvi: dawa ikiwaua wengi kwa kipimo kidogo, ni ishara kwamba kuna kitu chenye nguvu ndani yake. Kwa kawaida vipimo vya usalama hufuata kwa panya wa maabara, wanaopewa dawa kwa vipimo vinavyopanda na kuangaliwa kwa siku kadhaa, mara nyingi 14, kisha ini na figo zao huchunguzwa. Kupima hivi hakumdharau babu. Babu aliona aliyekunywa akapona, na aliyekufa papo hapo alimwona pia. Figo iliyoharibika taratibu, mtu akafa mwaka wa tatu baadaye, hakuna mganga wala daktari anayeweza kuiunganisha na kikombe cha dawa kwa macho matupu.

Kirk mwenyewe hakuendelea na kombe. Mwaka 1866 alifika Zanzibar kama daktari wa ofisi ya Waingereza, akapanda cheo hadi kuwa balozi. Alimzoea Sultani Barghash, na ndiye aliyembana kwa tishio la manowari hadi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ukatiwa saini na soko la watumwa likafungwa. Stanley alimlaumu hadharani kwa uzembe wa kumpelekea Livingstone mahitaji, lawama ambayo Kirk aliikataa na iliyomuuma kwa muda mrefu. Nyumbani kwake Mbweni alipanda shamba la majaribio la miti ya matunda na ya biashara. Mpira wa porini uliochumwa vichakani mwa Pwani ulipewa jina lake, Landolphia kirkii, na vilevile kima punju wa Unguja. Mwaka 1877 wafadhili wa Uingereza walianza kuchonga barabara kutoka Dar es Salaam kuingia Uzaramo, wakaiacha baada ya kilomita zaidi ya 100.

Kisha Wajerumani wakaja. Carl Peters alipopita bara akikusanya mikataba mwaka 1884, Barghash alimtegemea Kirk amsaidie. London ikamwamuru asizuie. Manowari za Kijerumani zilitia nanga Zanzibar Agosti 1885, sultani akasalimu amri, na bara likamtoka. Kirk aliondoka mwaka uliofuata. Kwa mtu aliyemwahidi sultani urafiki wa Uingereza kwa miaka mingi, kuondoka huko hakukuwa na heshima kubwa, na tunaona wanaomsifu hupenda kuiruka sura hii.

Uingereza alikaa kwenye kamati mbalimbali, ikiwemo ile iliyosimamia ujenzi wa reli ya Uganda, na aliendelea kuandikiana na Kew. Fraser alipochapisha kazi yake kubwa juu ya strofanthasi, Kirk ndiye aliyempa kwa barua maelezo ya mti wa Chibisa na ya mswaki. Fraser alifariki mwaka 1920. Kirk alimfuata tarehe 15 Januari 1922, Sevenoaks, akiwa na umri wa miaka 89.