Pierre Bézier, mhandisi aliyeifundisha kompyuta kuchora mistari ya kupinda

Anayepita kwenye gereji za Buyenzi, jijini Bujumbura, hakosi kumwona fundi akigonga bati la mlango lililobonyea, kisha akilipapasa kwa kiganja kabla ya kugonga tena. Kiganja ndicho kipimo chake. Hadi miaka ya 1950, viwanda vikubwa vya magari vya Ulaya navyo vilitegemea sana jicho na mkono wa fundi kuamua umbo la bodi. Miongoni mwa waliovitoa katika hali hiyo ni Mfaransa Pierre Bézier.

Alizaliwa Paris tarehe 1 Septemba 1910, mtoto na mjukuu wa wahandisi. Alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1930 na wa umeme mwaka uliofuata. Mwaka 1933 aliajiriwa na kampuni ya Renault, akadumu humo miaka 42. Katika Vita vya Pili vya Dunia alipitia kifungo cha mateka wa kivita. Baada ya vita alisimamia ubunifu wa mashine za kujiendesha zilizotengeneza vipuri vya gari dogo la Renault 4CV. Kwa hiyo, alipoanza kushughulikia mistari na hesabu, alikuwa mtu wa karakana aliyekaribia umri wa miaka 50.

Shida aliyoiona ilikuwa hii. Msanii alichora gari, mwingine akalifinyanga kwa udongo, wengine wakalichora upya kwa ukubwa wake halisi, na hatimaye kukatengenezwa kielelezo kikuu cha kutolea kalibu za kukandamizia bati. Kila mkono uliopokea kazi uliibadilisha kidogo. Mlango ulipokataa kufunga vizuri, hakukuwa na hakimu: mchoro ulisema hivi, kielelezo kilisema vile, na kila idara ilishikilia lake.

Bézier alitaka umbo liwe namba, ili mchoraji, mtengeneza kalibu na mashine ya kukata wote wasome kitu kimoja. Mwanzoni alifikiria mstari uliopinda ndani ya sanduku: ukilivuta au kulilaza sanduku, mstari nao hufuata. Wazo hilo lilikua likawa njia inayojulikana leo. Huwekwa nukta nne. Mstari huanzia kwenye ya kwanza na kuishia kwenye ya nne. Mbili za kati kwa kawaida haupiti juu yake, bali huvutwa kuzielekea, mithili ya chuma kinachovutwa na sumaku. Mchoraji akisogeza nukta moja, mstari unabadilika mbele ya macho yake, wala hahitaji kujua hesabu iliyo nyuma yake. Kwa uso mzima, kama boneti, hutumika wavu wa nukta badala ya safu moja. Mfumo wake, uliopewa jina la UNISURF, ulianza kufanya kazi Renault mwaka 1968.

Njia hiyo ina mipaka, na ni vyema mwanafunzi wa uhandisi aijue. Anayeingiza mlinganyo wa hisabati katika programu ya kuchorea huenda akadhani umepokelewa kama ulivyo. Mara nyingi programu hukokotoa nukta kadhaa na kuziunga kwa vipande vya mistari vinavyoukaribia mlinganyo huo. Hata duara halitoki kamili kwa njia ya Bézier ya awali: robo ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 1, ikichorwa kwa nukta nne, hukosea kwa takriban robo ya milimita. Kwa meza si kitu. Kwa kipuri cha injini ni hasara. Baadaye nukta zilipewa uzito tofauti, na duara likapatikana kamili.

Lipo jambo jingine lisilopaswa kufichwa. Mwaka 1959, katika kampuni shindani ya Citroën, mwanahisabati kijana Paul de Casteljau alikwisha kuandika njia ileile. Waajiri wake waliifanya siri. Bézier alichapisha kazi yake, mwenziwe hakuruhusiwa. Ndiyo maana mistari hiyo ikaitwa kwa jina la Bézier. Kwa maoni yetu, hakuiba kitu, kwani alifika kwa njia yake mwenyewe. Aliyemnyima de Casteljau haki yake ni kabati lililofungwa.

Bézier alistaafu mwaka 1975, na miaka miwili baadaye, akiwa amekaribia miaka 67, alipata shahada ya udaktari. Alifariki tarehe 25 Novemba 1999. Wakati huo mistari yake ilikuwa imevuka magari: hata herufi unazosoma hapa zimechorwa kwa mistari ya jamii hiyo. Naye de Casteljau aliishi hadi mwaka 2022. Nyaraka zake zilijulikana nje ya Citroën katika miaka ya 1970, na hatua za hesabu za kukokotoa nukta za mstari wa Bézier huitwa hadi leo kwa jina lake.