LESLIE BROWN, MTU WA TAI NA HEROE

Wengi wetu tukisikia mtaalamu wa ndege tunafikiria mzee ameketi chini ya mti na darubini. Leslie Brown hakuwa hivyo. Huyu alitembea hadi miguu ikaungua.

Alizaliwa mwaka wa 1917 huko India, akasomea zoolojia katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Alifanya kazi Nigeria kwanza, kisha akaja Kenya kuwa afisa wa kilimo. Alipokuwa Embu, mchana alishughulika na mashamba ya watu, na akipata nafasi alipanda kilima kimoja kutazama viota vya tai. Alirudi hapo mwaka baada ya mwaka. Kwa subira hiyo alijua, kwa mfano, kwamba tai mkubwa wa msituni kwa kawaida hulea kinda mmoja tu kila miaka miwili. Ukimuua mmoja, pengo lake halizibiki upesi.

Wakati huo wanasayansi hawakujua heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wale tunaowaona Nakuru, huzaa wapi. Mwaka wa 1954 Brown aliviona viota vyao kutoka kwa ndege ya kuruka juu ya Ziwa Natron, Tanzania. Akataka kuvifikia kwa miguu. Lo! Tope la magadi likamvuta, magadi yakajaa ndani ya viatu na kumchoma miguu vibaya. Alilazwa hospitalini kwa majuma kadhaa. Hata hivyo hakuacha, baadaye akaandika kitabu kizima juu ya heroe.

Alistaafu mwaka wa 1963, akaishi Nairobi akiandika vitabu juu ya ndege na mazingira ya Afrika. Aliaga dunia mwaka wa 1980.

Sasa mtaniuliza, haya yatuhusu nini sisi wa Kisii na Nyamira? Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kila asubuhi napita bondeni kwetu. Nyanya husema zamani palikuwa kinamasi, na korongo wenye taji walitaga humo katikati ya nyasi ndefu. Leo ni mikaratusi mitupu na ardhi ni kavu. Korongo hao waliorodheshwa kuwa ndege walio hatarini mwaka wa 2012.

Lakini siwezi kuilaani mikaratusi hiyo. Karo yangu ya mwaka jana ilitoka hapo, baba aliuza milingoti. Ndiyo maana nampenda Brown: alikuwa mtu wa kilimo na mtu wa ndege pia, hakuchagua kimoja akatupa kingine. Nimemwomba baba tukikata tena, ile safu iliyo karibu na chemchemi tusiiache ichipuke, na mikaratusi tuibakishe huku juu tu. Bado hajanijibu. Ila juzi nilimwona amesimama pale chemchemini peke yake, akitazama.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu