Kardinali Rugambwa: mtu wa kwetu aliyeishi katikati ya misukosuko



Siku hizi kijana ukimwuliza habari atakwambia poa, kumbe usiku hapati usingizi. Ajira hakuna, ada haijalipwa, wito wenyewe haueleweki. Basi leo nawaletea mtu wa kwetu, Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa Kardinali katika nyakati hizi.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 kijijini Bukongo, huku kwetu Kamachumu, Wajerumani wakiwa bado wanatawala. Hajatimiza hata miaka 3, Waingereza wakaushambulia mji wa Bukoba, Juni 1915. Yaani kabla hajajua kusoma alikwisha kubadilishiwa wakoloni! Mwaka 1921 alibatizwa, pamoja na baba na mama yake. Hapo huwa nasimama kidogo. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, tumelala mikononi mwa wazazi. Yeye aliwaona wazazi wake, watu wazima, wakiichagua imani, naye akiwa na akili ya mtoto wa miaka 8 inayokumbuka.

Akasoma seminari ya Rubya, kisha Katigondo kule Uganda. Akapadirishwa tarehe 12 Desemba 1943, dunia ikiwa katikati ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya masomo ya sheria za Kanisa huko Roma, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952 akiwa na miaka 39, akapewa eneo jipya lililokuja kuitwa Jimbo la Rutabo. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya Kardinali. Tanganyika yenyewe haikuwa hata imepata uhuru! Hapakuwa na Mwafrika mwenzake katika ukardinali wa kumwuliza kazi hii inafanywaje.

Katika falsafa tulisoma habari za Wastoa, waliotafuta utulivu kwa kutoshikamana sana na lolote linaloweza kupotea. Ni fundisho zuri, ila mimi linaniacha na baridi. Mtakatifu Agustino, Mwafrika wa kaskazini, aliiona amani kuwa ni utulivu unaotoka katika mpangilio: kila kitu kikae mahali pake, na Mungu akae mahali pake. Hapo mtu anaruhusiwa kupenda, na hata kuogopa.

Rugambwa alikuwa na mengi ya kuogopa. Desemba 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, na muda si mrefu serikali ikataifisha shule za Kanisa. Mwaka 1978 aliingia mara mbili katika uchaguzi wa Papa, kwa sababu Yohane Paulo I alifariki baada ya siku 33 tu. Yohane Paulo II alichaguliwa tarehe 16 Oktoba. Mwezi huohuo haujaisha, askari wa Idi Amin wakavuka mpaka wakaingia Kagera, na baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Hebu fikiri: umetoka kumchagua Papa, halafu nyumbani kwenu watu wanakimbia na magodoro kichwani.

Vita ikaisha 1979, na bado. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, katika hospitali ya Ndolage ya ndugu zetu Walutheri, hapahapa Kamachumu. Wazee wetu hawapendi kuizungumzia miaka ile. Kuna nyumba zilibaki na bibi na wajukuu tu. Kardinali alikuwa mbali, Dar es Salaam, akizeeka huku kijiji chake kikizika vijana.

Kwa miaka hiyo yote kazi yake ilibaki ileile ya askofu: Misa, kipaimara, upadirisho, sala. Amani ya namna hii haikuondolei mzigo, jamani, inakupa pa kuuweka kila asubuhi. Ndiyo maana siwaambii msali ili hofu iishe. Salini nayo ikiwapo.

Alistaafu mwaka 1992 akiwa na miaka 80, akafariki tarehe 8 Desemba 1997, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Tangu Oktoba 2012 mabaki yake yamo katika Kanisa Kuu la Bukoba. Nikishuka mjini napita pale, mara nyingi nikiwa na mtihani mbele yangu.